Fundi ameniambia "Poleni wafiwa" mbele ya wazazi 12, na hita ya bwawa langu hakuifungua hata skrubu moja

Wana jukwaa, salamu nitazitoa kesho, kwa sababu leo mdomo umejaa nyongo. Naandika uzi huu nikiwa bado nimevaa viatu vya asubuhi vilivyolowa maji ya bwawa, na kikombe cha chai kiko pembeni yangu kimepoa kama maji hayo hayo. Wasimamizi wa jukwaa, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa majiko ya gesi, maana kisa changu kinajitegemea.

Nyote mlioko Tabora mnamfahamu mtu ninayemsema. Sitamtaja jina wala hakuna haja, kwa kuwa kuanzia Isevya hadi Ipuli hakuna friji, pampu wala jenereta ambayo hajaifungua na kuirudisha ikiwa na skrubu moja pungufu. Ni yule anayekuja na begi kubwa lenye spana moja ndani, na ukimpigia simu anakujibu "nipo njiani" huku unasikia kitanda kinalia. Mkishamkumbuka, tuendelee.

Mimi nasimamia bwawa dogo la kuogelea katika nyumba ya wageni. Ni bwawa la lita 60,000 hivi, liko chini ya mwembe, na kila Jumamosi watoto huja kujifunza kuogelea. Mnaoishi huku mnajua kwamba usiku wa Juni na Julai wa Tabora si wa mchezo. Leo asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 20, na mtoto akitumbukizwa katika maji ya nyuzi 20 hajifunzi kuogelea, anajifunza kupiga mayowe. Ndiyo maana mwenye nyumba alinunua hita ya gesi, mtumba ulioshushwa kwenye kontena, tukaiunganisha na mitungi miwili ya kilo 38, na msimu uliopita ilifanya kazi bila kulalamika. Leo nimebonyeza kitufe, kimya. Nimebonyeza tena, taa nyekundu ikanikodolea macho, kimya. Feni haikuzunguka, wala ule mlio wa "tak" wa vali ya gesi kufunguka sikuusikia.

Nikampigia. Alifika baada ya saa tatu, wazazi 12 wameshakuja, watoto wamejifunga mataulo wanatetemeka kama vifaranga walionyeshewa. Hakuuliza hita imeanza lini kugoma. Hakutazama pampu, hakugusa mtungi. Alichofanya, na hapa naomba mnisome taratibu, ni kuvua kofia, akapiga goti, akabandika sikio kwenye bati la hita, akainua kidole kuwanyamazisha watoto, akakaa hivyo kwa muda unaotosha kuchemsha maharage, kisha akasimama, akakung'uta suruali, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema: "Poleni wafiwa."

Poleni wafiwa! Mama mmoja mtu mzima, kwa mazoea tu ya misiba, akaitikia, "Tumeshapoa." Mtoto akauliza ni nani aliyekufa. Baba mmoja aliyekuwa amevaa kofia akaivua.

Nikamwambia, "Fundi, fungua basi hata kifuniko." Akasema marehemu hasumbuliwi. Kisha akadai shilingi 50,000 za kuja kuangalia, na papo hapo akajitolea kuichukua hita kwa pikipiki yake akaiuze chuma chakavu, ili kunipunguzia uchungu. Yaani mwosha maiti ndiye huyo huyo anayetaka kurithi! Nimeshawahi kutukanwa na makondakta, nimetukanwa na wapangaji, lakini sijawahi kupewa pole ya msiba na mtu aliyebandika sikio kwenye bati mbele ya watu 12 waliolipa ada. Sikio! Kwenye bati! Na kidole juu!

Sina swali. Nilitaka tu mjue.

Dagaa wa Kibirizi:
Sisi wa Kigoma tumepokea taarifa hii kwa masikitiko makubwa. Tunaomba kujua mazishi ni lini ili tukate tiketi za treni mapema. Mila za huko zinaruhusu hita kuzikwa na mitungi yake, au mitungi inabaki kwa mjane?

Mjukuu wa Kanyenye:
Turubai na viti vya msiba ninavyo, na kwa kuwa ni jirani nitapunguza bei. Arobaini ikifika usinisahau.

Msimamizi wa Bwawa:
Ninyi chekeni. Ningekuwa na moyo kama wenu, leo ningekuwa nimelala. Kila nikifumba macho naona kile kidole.

Ninavuta Kiti:
Mimi swali langu ni dogo tu. Ile elfu 50 ulimpa?

Msimamizi wa Bwawa:
Nilimpa elfu 20, kwa sababu wazazi walikuwa wananitazama.

Ninavuta Kiti:
Basi hiyo ilikuwa rambirambi. Endelea na uzi, dada yangu.

Mzee wa Karakana:
Mwanangu, weka hasira pembeni kidogo unisikilize. Hita ya namna hiyo haiwaki kwa kupenda, ina utaratibu wake, na pale utaratibu unapokatikia ndipo ugonjwa ulipo. Kwanza pampu isukume maji ya kutosha, maana ndani kuna swichi inayohisi presha ya maji, na swichi hiyo isiporidhika hairuhusu kitu kingine chochote, kwa kuwa moto ukiwaka bila maji kupita hita itaunguza mabomba yake yenyewe. Ikiridhika, feni huzunguka ili kufukuza gesi yoyote iliyobaki ndani. Kisha kiwashio huwa chekundu au hutoa cheche, kulingana na aina yake. Hapo ndipo vali hufunguka kwa huo mlio wa "tak", na kihisio cha mwali kisipoona moto ndani ya sekunde chache, vali hujifunga yenyewe. Ikishindikana mara kadhaa, hita nyingi hujifungia kabisa hadi uzime na kuwasha upya.

Wewe umesema taa iliwaka, kwa hiyo umeme ulifika, ila feni haikuzunguka. Basi achana na gesi na kiwashio, zamu yao haijafika. Angalia maji. Kikapu cha pampu kina hali gani? Geji ya chujio inasoma ngapi ukilinganisha na siku chujio lilipokuwa safi?

Mtaalamu wa Usiku:
Mzee wangu, kwa heshima zote, napingana na wewe. Hita za mitumba nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gesi asilia, ambayo presha yake na matundu ya vichomeo vyake ni tofauti na gesi hii yetu ya mitungi. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inafika Dar es Salaam kwa bomba, huku kwetu haijafika. Aidha, Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na vichomeo vinapaswa kurekebishwa kulingana na mwinuko. Na bado hatujagusa suala la regyuleta.

Mjukuu wa Kanyenye:
Mtaalamu, ameandika kwamba msimu uliopita iliwaka. Au Tabora imepanda mlima tangu mwaka jana?

Binti Cheyo:
Afadhali yako wewe uliyepewa pole. Mimi fundi wangu, na nadhani ni huyo huyo, alikuja kutazama jiko la gesi la pleti mbili ambalo pleti kubwa ilikuwa haishiki moto. Akafungua gesi yote, akaanza kujipapasa mifuko akitafuta kiberiti. Alipokipata, njiti ya kwanza ikavunjika, ya pili ikavunjika, na muda wote huo gesi inatoka. Njiti ya tatu iliwaka. Pazia langu la jikoni, ambalo nilipewa na mama mkwe, sasa ni nusu pazia. Na pleti kubwa hadi leo haiwaki.

Dagaa wa Kibirizi:
Pole kwa nusu ya marehemu.

Msimamizi wa Bwawa:
Ndugu zangu, nimerudi. Nimekwenda bwawani na tochi kama alivyoelekeza Mzee. Nimezima pampu na kufungua kikapu chake. Kimejaa maua ya mwembe. Yalikuwa yameshikana kama kiporo cha ugali, hata nilipoyatoa kwa mikono miwili yalitoka yakiwa na umbo la kikapu chenyewe, na mashimo yake yote yameonekana kama keki iliyotolewa kwenye chombo. Nimesuuza, nimefunga, nimeosha na chujio kwa kurudisha maji nyuma hadi kioo kikawa safi. Nimebonyeza kitufe. Feni imezunguka! Nasema imezunguka! Na yule mtu alibandika sikio kwenye bati, wakati kikapu kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye goti lake!

Ninavuta Kiti:
Marehemu amekohoa! Rudisheni turubai!

Mjukuu wa Kanyenye:
Subirini kwanza. Kikapu cha pampu husafishwa na nani? Dada, si ndiyo kazi unayolipwa? Kwa maelezo haya fundi hakukosea kusema kuna msiba, alichoacha kusema ni kwamba muuaji ndiye aliyempigia simu.

Msimamizi wa Bwawa:
Mwembe ulianza kutoa maua wiki hii tu! Na hata kama kosa ni langu, mtu hapewi pole ya msiba kwa sababu ya maua!

Mzee wa Karakana:
Baada ya feni kuzunguka, kiwashio kilifanyaje? Moto ulishika?

Msimamizi wa Bwawa:
Kiwashio kimekuwa chekundu vizuri kabisa, vali ikalia "tak", nikasikia harufu kidogo ya gesi, moto hakuna. Mara tatu hivyo hivyo, kisha taa nyekundu ikarudi. Nimezima kila kitu.

Mzee wa Karakana:
Umefanya vyema. Funga mitungi yote miwili juu kabisa, na usirudie leo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, haipandi ikapotea, hutambaa chini na kukaa kwenye mashimo na pembe za kibanda, kwa hiyo acha mlango wazi na mtu yeyote asiwashe kiberiti wala swichi ya taa hapo karibu. Kesho mtafute fundi wa gesi mwenye kazi yake, siyo wa friji, afungue vichomeo. Hita ikikaa muda mrefu bila kutumika, buibui na wale nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda sana kuingia kwenye matundu ya gesi, na kibonge kidogo cha udongo kinatosha kuzuia mwali usishike. Akimaliza, apake povu la sabuni kwenye maungio yote, pakitoa mapovu panavuja.

Mtaalamu wa Usiku:
Nilisema ni vichomeo.

Mjukuu wa Kanyenye:
Ulisema ni mwinuko.

Mtaalamu wa Usiku:
Hata hivyo piga hesabu ya matumizi. Kupandisha lita 60,000 kwa nyuzi 5 kunahitaji nishati ya uniti 350 hivi, na hita ikipoteza sehemu ya joto hewani unamaliza karibu mtungi mzima wa kilo 38. Unachoma mtungi ili watoto wapige miguu.

Dagaa wa Kibirizi:
Hapo ndipo ninapowahurumia watu wa bara. Sisi bwawa letu lina kina cha mita 1,470, maji ya juu ni nyuzi 25 hivi, jua ndilo linalopasha, na tangu dunia iumbwe halijawahi kukataa kuwaka. Kateni huo mwembe mje Kigoma.

Mjukuu wa Kanyenye:
Mtu wa Tabora haambiwi akate mwembe. Miembe hii iko tangu enzi za misafara. Afadhali tuikate hita.

Dagaa wa Kibirizi:
Ujiji mwembe ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871 ulikufa, tukabaki na miche yake, na hatukumwita fundi wala hatukufungua uzi.

Binti Cheyo:
Huko ziwani kwenu si kuna mamba?

Dagaa wa Kibirizi:
Wapo, lakini hawadai ada ya kuja kuangalia.

Msimamizi wa Bwawa:
Naomba turudi kwenye mada jamani. Yule fundi bado ana elfu 20 yangu, na leo jioni nimepishana naye sokoni, akanipungia mkono na kuuliza kama tumeshazika.

Ninavuta Kiti:
Fundi yupi?

Binti Cheyo:
Mzee wa Karakana, hao nyigu wanaweza kuingia hata kwenye jiko la pleti mbili? Kwangu pleti ndogo inawaka vizuri, ile kubwa ndiyo inayogoma, na mama mkwe anakuja Alhamisi.