Kukata rufaa ya asilimia za ulemavu: mgongo na bega

Swali:
Shikamooni wakubwa zangu. Nimetoka jeshini hapa Marekani nikiwa na maumivu ya mgongo wa chini na bega la kulia, na Idara ya Maveterani imenipa asilimia 10 kwa mgongo na 20 kwa bega. Maumivu ya mgongo hushuka hadi mguuni, jambo ambalo barua haikuligusa. Je, niende moja kwa moja kwenye Bodi ya Rufaa?

Jibu la kwanza:
Marahaba, mdogo wangu. Usikimbilie Bodi kabla hujapata na kuisoma ripoti ya daktari aliyekupima, kwa sababu njia ya kufuata hutegemea kosa liko wapi. Ikiwa ripoti inautaja mguu lakini mwamuzi akaupuuza, omba afisa wa ngazi ya juu apitie uamuzi (fomu 20-0996), ukijua kwamba hapo huruhusiwi kuongeza ushahidi. Ikiwa ripoti yenyewe ina upungufu, peleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya (fomu 20-0995). Bodi ipo, ila foleni yake ni ndefu. Chagua ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, ili ukishinda usipoteze malipo ya nyuma.

Mgongo hupimwa kwa nyuzi za kuinama mbele. Anayeinama zaidi ya nyuzi 60 lakini asivuke 85 hupewa asilimia 10, anayeishia kati ya 30 na 60 hupewa 20, na asiyevuka 30 hupewa 40. Tatizo ni kwamba wengi hupimwa siku ambayo mgongo umetulia. Katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin ya mwaka 2017, mahakama ya maveterani iliamua kwamba mpimaji hawezi kukwepa kukadiria hali ya siku maumivu yanapochachamaa kwa kisingizio tu kwamba hakuyashuhudia. Hana budi kwanza kukusanya maelezo, yakiwemo ya mgonjwa mwenyewe. Kama ripoti yako iko kimya hapo, una hoja nzito.

Bega lako litapanda hadi 30 iwapo mkono huo ndio unaoutumia zaidi na hauinuki kupita nusu ya njia ya kufika usawa wa bega. Mguu hukadiriwa peke yake, nami naona huko ndiko haki yako ilikopotea. Hata hivyo hesabu yao si ya dukani: mgongo, bega na mguu vikipata 20 kila kimoja, jumla si 60 bali 49, ambayo hufanywa 50.

Wawakilishi wa vyama vya maveterani, kama DAV au American Legion, watakusaidia bila malipo.

Jibu la pili:
Kaka, naongezea kama muuguzi. Mweleze daktari wako wa kawaida kila mara mgongo unapokulaza, ili jambo hilo liingie katika faili, na mkeo aandike anachokiona nyumbani, kwa mfano kwamba hukuweza kuvaa shati bila msaada. Ukiitwa kupimwa tena, sema pale maumivu yanapoanza. Usijikaze kijeshi mpaka mwili ugome, maana nyuzi zitakazoandikwa ndizo zitakazolipwa.