MJADALA: Serikali inayosajili kila barua ya mwananchi ndiyo serikali inayosikiliza? Tuchukue Dublin Castle, 1818

Karani Mstaafu (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nimekula mshahara wa masijala miaka 31, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na majalada. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu niliposoma habari za Ireland ya mwanzoni mwa karne ya 19, nami nalileta jamvini tulichambue.

Tarehe 1 Januari 1801 Ireland iliunganishwa na Uingereza. Bunge la Dublin likafa na wabunge 100 wakapelekwa Westminster, bunge la London. Serikali ya Dublin lakini haikufa, ilibaki palepale ndani ya ngome yake, Dublin Castle. Juu alikaa Mwakilishi wa Mfalme, mtu wa hadhi na dhifa. Chini yake Katibu Mkuu, ambaye sehemu kubwa ya mwaka alikuwa London bungeni. Chini ya huyo, Naibu Katibu, ambaye ndiye hasa aliyekuwa mezani. William Gregory alikalia kiti hicho cha unaibu kuanzia 1812 hadi 1830. Makatibu Wakuu walipita mbele yake kama abiria wa daladala: Peel akashuka 1818, Grant akapanda, Grant akashuka 1821, Goulburn akapanda. Aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua nguvu zilikuwa kwa nani.

Sasa mwaka 1818 ndipo ulipoanza utaratibu ninaoupenda. Kila barua inayoingia ipewe namba ya mwaka ule, iandikwe daftarini: nani kaandika, kutoka wapi, lini, anataka nini. Hakimu anaomba askari, padri anaomba unga kwa ajili ya watu wake, daktari anaripoti homa, mjane anaomba mwanawe asisafirishwe kama mfungwa hadi New South Wales, Australia. Wote dirisha moja, wote namba.

Hoja yangu ni hii: serikali iliyojisumbua kuipa namba barua ya mjane asiye na kiatu ilikuwa inasikiliza, hata kama jibu lilikuwa hapana. (Ofisi moja niliyowahi kupangiwa, nimeshuhudia kwa macho yangu barua za wananchi zimekunjwa na kutiwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Sitaji ofisi.)

Anayepinga aje na hoja. Nawasilisha.

Mtoto wa Kilwa

Mkuu Karani, heshima yako naitunza, ila kusajili si kusikiliza. Hata mwindaji hutega sikio porini, na swala hajawahi kumshukuru.

Hebu tazama namba hizo zilitumika kufanya nini. Kuanzia mwishoni mwa 1821, Limerick na kaunti za jirani ziliwaka moto. Wakulima wadogo walikuwa wamebanwa na kodi za mashamba na zaka. Zaka yenyewe ni kituko: Mkatoliki analipa kulisha makasisi wa kanisa la Kianglikana asilosali. Wakaanza kubandika matangazo ya vitisho milangoni mwa mawakala wa mabwanyenye, yote yametiwa saini ya mtu mmoja asiyekuwepo, Kapteni Rock. Hakimu akilibandua tangazo analipeleka wapi? Dublin Castle. Taarifa za fujo zilitengewa mafungu yake, yakaitwa ya "hali ya nchi". Kwa hiyo dirisha lilikuwa moja kweli, ila rafu zilikuwa mbili.

Na jibu lililotoka Castle unalijua? Mwanzoni mwa 1822 Bunge la London lilipitisha upya Sheria ya Uasi. Wilaya ikishatangazwa kuwa ya fujo, anayekutwa nje ya nyumba yake baina ya kuzama na kuchomoza kwa jua bila sababu ya kuridhisha anapelekwa mbele ya mahakimu, bila baraza la wazee wa mahakama, na anaweza kusafirishwa ng'ambo miaka saba. Kutoka nje usiku, miaka saba! Na wilaya ilitangazwaje? Kwa barua za mahakimu wenyewe, ambao wengi wao ndio wenye mashamba. Mtu anaandika barua kulalamikia wapangaji wake, barua inapata namba, na namba inazaa sheria ya kutotoka usiku.

Hayo ndiyo masikio unayoyasifia?

Bi Mkubwa wa Galway

Naomba niingie, maana mimi naishi huku Ireland mwaka wa tisa sasa, na barua hizo nimezishika kwa mikono yangu. Ziko Hifadhi ya Taifa, Bishop Street, Dublin. Unaingia na kadi ya msomaji na penseli, kalamu ya wino unaiacha nje.

Wote wawili mnasoma upande wa mbele wa barua. Zigeuzeni. Zamani barua ya ofisi ilikunjwa ikawa kijikaratasi chembamba, na mgongoni karani akaandika jina, tarehe na kiini cha habari. Kisha mkubwa anaongeza dokezo lake hapo hapo: apelekewe hakimu wa eneo atoe maoni, ajibiwe hivi, au asijibiwe. Mbele utasoma kurasa tatu za machozi, mgongoni mstari mmoja.

Kwenye maombi ya wafungwa, dokezo lililozoeleka ni lile ambalo kwa Kiswahili tungesema "sheria ichukue mkondo wake". Mama ameeleza watoto sita, mume aliyekuwa askari wa Mfalme, mwana ambaye hajawahi kuiba kabla, halafu mgongoni: sheria ichukue mkondo wake. Nilifunga faili nikaenda kunywa chai.

Ila Mtoto wa Kilwa, si kila mgongo uko hivyo. Wapo waliopunguziwa adhabu. Wapo wake wa wafungwa walioomba nauli ya meli ili wawafuate waume zao New South Wales, na serikali ikawalipia. Ukiniuliza walisikilizwa au walisafishwa tu kutoka kwenye orodha ya mafukara wa Ireland, sina ugomvi na jibu lolote kati ya hayo.

Na barua hizi tunazo kwa bahati. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba kuu ya kumbukumbu za taifa pale Four Courts, majengo ya mahakama Dublin, ililipuka na kuungua. Madaftari ya sensa ya 1821, iliyohesabu watu wapatao milioni 6.8 jina kwa jina, karibu yote yakawa majivu. Barua za Castle zilikuwa zimehifadhiwa Castle kwenyewe, ndiyo maana zikapona. Mwananchi aliyeandika kulalamika tunaye hadi leo. Jirani yake aliyenyamaza tumempoteza.

Kipanga

Samahani wakuu. Hii Ireland na sisi wapi na wapi? Maji ya DAWASA hayatoki wiki ya pili, nyie mnajadili wajane wa 1818.

Mtoto wa Kilwa

Kipanga, swali lako zuri kuliko unavyodhani.

Peel alianzisha kikosi cha polisi Ireland 1814, sheria ya 1822 ikaeneza polisi kila kaunti, na 1836 vyote vikawa jeshi moja chini ya Dublin. Polisi mwenye bunduki, anakaa kambini, hapangiwi kulinda kaunti aliyozaliwa, na kila siku anaandika ripoti kwenda juu. Uingereza kwenyewe hawakuutaka mfumo huo. Makoloni ndiyo yaliupokea, na maofisa wa polisi wa makoloni wakawa wanapelekwa Phoenix Park, Dublin, kufundwa. Mtu aliyekulia Kenya ya kikoloni au Tanganyika hahitaji kuelezwa zaidi.

Na suala la majalada nalo linatuhusu. Waingereza walipokuwa wanafunga virago Kenya, sehemu ya majalada waliichoma na nyingine wakaisafirisha kwao. Yakakaa kimya Hanslope Park, eneo la serikali huko Uingereza, hadi 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, ndipo serikali ikakiri inayo. Masijala ni silaha, Kipanga, ndiyo maana watu huiiba. Maji yakitoka tuambie.

Mwalimu Kibwana

Nimesoma kimyakimya, ila naona mnazungumzia "mwananchi kaandika" kana kwamba aliandika yeye.

Mwanzoni mwa karne ile, karibu nusu ya Waairishi walizungumza Kiairishi, hasa magharibi na kusini, na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote. Castle ilifanya kazi kwa Kiingereza. Nani basi aliyeandika maombi ya yule mjane? Mara nyingi mwalimu wa kijijini, wa zile shule za kienyeji zilizofundishwa kwenye mabanda na nyuma ya vichaka, aliyelipwa senti chache au mzigo wa mboji kavu, ile inayochimbwa na kuchomwa kama kuni. Ndiye aliyejua namna ya kuanza na kumaliza: maombi ya unyenyekevu ya fulani bin fulani yanaeleza kwamba, na mwombaji atakuombea dua daima. Sisi tuliokulia karibu na boma tunawafahamu watu hawa. Babu yangu aliandikiwa barua zake kwa DC na karani wa sokoni, na karani huyo alikuwa na machozi ya bei tatu tofauti, unachagua kulingana na mfuko wako.

Sasa sikilizeni kinachonifurahisha. Mahakimu waliwashuku walimu haohao kwamba ndio wanaomwandikia Kapteni Rock! Na ukisoma matangazo ya Rock unaona kwa nini. Yameandikwa kwa lugha ya mahakama: kwa kuwa imetufikia taarifa, tunaamuru na kutangaza, yeyote atakayekaidi. Ni amri ya serikali iliyogeuzwa nje ndani. Mkono mmoja unamwandikia mjane "mnyonge wako mtiifu" mchana, usiku unamwandikia wakala "jiandalie jeneza".

Kwa hiyo, Karani, unyenyekevu wa barua zako usiupime kwa maneno. Ulikuwa fomu ya kujaza.

Karani Mstaafu

Mwalimu umenipiga pazuri. Hilo la fomu nalikubali, nimesoma "mtiifu wako" elfu nyingi na watiifu wenyewe nikawaona kaunta wakipiga meza.

Lakini bado sijalala chini. Nichukue mwaka 1822. Vuli ya 1821 mvua ilipitiliza, viazi vikaoza ardhini, na ilipofika masika ya 1822 Mayo, Galway, Clare, Kerry na Cork zilikuwa na njaa. Shida haikuwa kwamba nchi nzima haina chakula. Nafaka ilikuwepo, fedha ya kuinunua ndiyo haikuwepo mikononi mwa mtu wa viazi. Barua zikamiminika Castle, za mapadri, za wachungaji, za kamati za misaada. Na serikali ilitenda: ilitoa fedha, ikapeleka wahandisi waanzishe kazi za umma ili watu wapate ujira. Alexander Nimmo akapewa magharibi, akajenga barabara na gati za wavuvi kule Connemara. Richard Griffith akapewa kusini. Wasingeandikiwa, wangejua? Mtu wa London hajui hata Connemara iko upande gani.

Hapo masijala ilifanya kazi yake. Hilo hamtaniondoa.

Mtoto wa Kilwa

Umemtaja Griffith, nashukuru. Barabara yake ya kutoka Newmarket kwenda Listowel ilipita wapi? Katikati ya milima ya mpakani mwa Cork, Kerry na Limerick, maficho ya watu wa Kapteni Rock, ambako askari hawakuwa na njia ya kupita. Waliofadhili barabara hawakuficha kwamba walitaka kutuliza eneo. Palepale unga unapopita, gari la askari linapita.

Njaa iliandikiwa barua, na fujo ziliandikiwa barua. Unajuaje ipi ilijenga barabara?

Karani Mstaafu

Sijui, na pengine Gregory mwenyewe asingejua, kwa sababu zote zilimfikia asubuhi moja kwenye mfuko mmoja wa posta. Ila aliyeipanga rafu alijua. Ndiyo maana nasema kosa halikuwa kwenye kusajili, lilikuwa kwenye ile rafu ya pili uliyoitaja. Jalada la "hali ya nchi" lilipaswa kuwa moja na jalada la njaa. Kulitenganisha ndiko kulikowafanya wakubwa waone wahalifu upande huu na maskini upande ule, na kumbe ni kijiji kilekile.

Bi Mkubwa, ukienda tena Bishop Street nifanyie kazi moja. Mtafute mjane yeyote aliyejibiwa "sheria ichukue mkondo wake", kisha uangalie madaftari ya miaka inayofuata. Je, aliandika tena? Katika masijala tulikuwa na desturi: barua ya kwanza ni ombi, barua ya pili ni imani. Asiye na imani haandiki mara ya pili.

Bi Mkubwa wa Galway

Nitaangalia, baba. Ila wengi wanaonekana mara moja tu daftarini.

Mwalimu Kibwana

Labda ya pili waliiandika. Haikuwa na jina, ndiyo maana huioni.