Mwanamke wa Ukok: arudishwe kaburini au abaki makumbusho?

Wakuu, hili linanigusa, naomba tulijadili kwa utulivu.

Mwaka 1993, kwenye uwanda wa Ukok katika milima ya Altai, kusini mwa Siberia, mwanaakiolojia Natalia Polosmak alifukua kaburi la mwanamke wa miaka 25 hivi. Alikuwa wa watu wa Pazyryk, jamaa wa Waskithia (wafugaji wa kale wa nyika), na alizikwa miaka ipatayo 2,400 iliyopita. Maji yaliingia kaburini yakaganda, na barafu hiyo ndiyo iliyomtunza. Waliiyeyusha kidogo kidogo kwa maji ya moto mpaka akaonekana: amelalia ubavu, magoti ameyakunja, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Shati la hariri, sketi ya sufu, nywele za bandia zilizosimama juu sana. Begani ana tatuu ya paa mwenye mdomo wa ndege. Kando yake palikuwa na nyama, na chombo chenye mbegu za giligilani. Nje ya chumba cha kaburi walilazwa farasi sita.

Huyu aliagwa na watu waliompenda. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba Mskithia wa kawaida akifa, ndugu zake humzungusha kwa marafiki siku arobaini, kila wanapofika wanakaribishwa kwa karamu, ndipo azikwe. Arobaini, jamani! Baada ya mazishi hujitakasa kwa mvuke wa bangi hemani. Na kweli, mwanaakiolojia Mrusi Sergei Rudenko alipochimba makaburi ya Pazyryk alikuta vyombo vya shaba vyenye mawe na mbegu za bangi.

Mwili wa mwanamke huyu ulipelekwa Novosibirsk, mji wa mbali na Altai. Tetemeko kubwa lilipoipiga Altai mwaka 2003, wenyeji wengi walisema ni kwa sababu ametolewa kwake. Mwaka 2012 alirejeshwa Altai, katika mji wa Gorno-Altaysk, lakini akawekwa makumbusho. Wazee wa Altai wakaamua mwaka 2014 kwamba azikwe, ila kesi iliyofunguliwa kudai hivyo ilitupwa mwaka 2016.

Mimi nasema azikwe. Watafiti wanajibu kwamba Waaltai wa leo wanazungumza lugha ya Kituruki na si lazima wawe uzao wake. Sawa, lakini kaburi lina majirani. Hao ndio wanaochunga mifugo pale na kupaheshimu, nao ndio waliokwenda kumdai. Watafiti wanasema pia kwamba bila kumtoa tusingejua alikuwa na saratani ya titi, iliyoonekana kwenye kipimo cha MRI. Hoja hiyo ni nzito na naiheshimu. Ila kipimo kimeshafanyika, tatuu zimeshanakiliwa. Nguo na matandiko ya farasi vibaki makumbusho, yeye arudi.

Kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine. Waliomzika walimtoa ubongo na matumbo, wakamjaza majani na manyoya ya farasi, wakamshona. Walifanya kazi yote hiyo ili asiharibike. Barafu iliyomlinda imeshayeyuka. Tukimrudisha ardhini leo ataoza, jambo ambalo ndugu zake walilikataa kwa mikono yao wenyewe. Bado naona ni afadhali kuliko kulala kwenye kioo mbele ya wageni, lakini siwezi kuapa kwamba wao wangekubaliana nami.

Mnaotaka abaki, na mnaotaka azikwe: hapo kwenye kuoza mnasemaje?