Daraja la zamani la mtaani kwetu Iringa: tulikarabati, tuweke makalavati, au lijengwe jipya pembeni?

Mjumbe wa Mtaa (Iringa):

Kamwene wote. Naomba mawazo ya wenye utaalamu, na ya wale ambao mitaa yao imekwisha kupitia jambo kama hili.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Manispaa ya Iringa. Mtaa wetu umegawanywa na mto. Upande mmoja kuna soko, zahanati na barabara inayopanda kwenda katikati ya mji. Upande wa pili kuna makazi ya watu wengi pamoja na shule ya msingi. Kinachotuunganisha ni daraja la zege lenye matundu matatu na nguzo mbili zilizosimama majini, ambalo upana wake unatosha gari moja tu kwa wakati. Wazee wanasema walilikuta. Kibao kilichokuwa na mwaka wa ujenzi kiling'olewa siku nyingi pamoja na mabomba ya ukingo, na wanunuzi wa vyuma chakavu waliyapokea bila kuuliza yametoka wapi.

Juzi, maji yalipopungua, nilishuka chini yake. Zege la chini ya sakafu limebanduka sehemu inayolingana na meza ya chakula, nondo ziko wazi na zimekuwa nyekundu kwa kutu, na moja imekatika kabisa. Kwenye nguzo iliyo karibu na soko niliingiza mkono chini ya msingi hadi kwenye kiwiko. Juu kuna kibao cha tani tano ambacho hakuna dereva anayekijali: malori ya mbao za Mufindi na magari ya matenga ya nyanya za Ilula hukatiza hapo alfajiri, wakati hakuna wa kuwazuia.

Wataalamu waliokuja kukagua walituachia mambo matatu ya kujadili kabla ya mkutano wa hadhara. La kwanza ni kulikarabati lililopo. La pili ni kulivunja na kuweka makalavati ya boksi, yaani masanduku ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara, mahali pale pale, jambo ambalo tumeambiwa ni nafuu. La tatu ni kujenga daraja jipya pembeni, lenye njia mbili. Wengi wanavutiwa na la tatu, tena wanataka la zamani libaki kwa waenda kwa miguu, kama Dar es Salaam walivyofungua Daraja la Tanzanite mwaka 2022 na lile la zamani la Selander likaendelea kutumika. Je, tuko sahihi?

---

Mhandisi Mstaafu:

Nilifanya kazi za barabara tangu kabla TANROADS, wakala wa barabara kuu, haijaanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na mkono wako ulioingia chini ya msingi, kwa sababu hilo ni zito kuliko nondo. Maji yakikutana na nguzo hujikunja, huzama kwa kasi na kuchimba mchanga uliozunguka msingi. Shimo huwa kubwa zaidi wakati wa kilele cha mafuriko, saa ambayo hakuna anayeweza kushuka kulipima; mto ukianza kutulia, mchanga laini hurudi na kulijaza, na anayekagua wakati wa kiangazi huona ardhi sawa na kuandika kwamba hali ni nzuri. Kama wewe umekuta uwazi wa kuingiza mkono hadi kiwiko katika kipindi cha maji machache, basi wakati wa masika uwazi huo ulikuwa mkubwa zaidi. Madaraja mengi huanguka kwa kuchimbwa miguu, si kwa kulemewa na magari.

Kuhusu nondo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili au zaidi, na ndiyo maana zege hupasuka kutoka ndani. Kupiga plasta juu yake ni kumpaka mgonjwa poda. Ukarabati wa kweli ni kubomoa zege lililokufa, kusafisha au kubadilisha nondo, kumwaga zege jipya na kuzungushia misingi kinga. Unawezekana, na wakati mwingine ni uamuzi mzuri, lakini ukimaliza bado utakuwa na daraja la gari moja lenye nguzo mbili majini. Kwa hali uliyoieleza, mimi nisingeweka fedha huko, isipokuwa kidogo ya kulinda maisha ya watu hadi jipya likamilike.

Makalavati ya boksi yanahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu bei yake inavutia. Kila ukuta unaotenganisha boksi na boksi ni nguzo nyingine ndani ya maji. Mto wa mjini haubebi maji peke yake. Hubeba magogo, migomba, magodoro, chupa na viroba. Gogo moja likilala kwenye midomo ya maboksi, uchafu mwingine wote hushikana nalo, maji hupanda, na nyumba za upande wa juu hulala ndani ya maji wakati barabara yenyewe inakatwa pembeni, kwenye tuta, ambako hakuna zege. Katika vijito vidogo kalavati ni kitu kizuri sana. Katika mto unaokokota magogo, nawashauri mdai uwazi mmoja usio na nguzo katikati.

Hilo la uwazi mmoja lina gharama ambayo watu huisahau. Mihimili mirefu huwa minene, kwa hiyo sakafu ya daraja hupanda juu. Mkiinua barabara kwa mita 1.5 tu, na mwinuko ukawa mita 5 kwa kila mita 100, mnahitaji mita 30 za tuta kila upande. Nendeni na futi kamba mpime mita 30 kutoka mtoni, mwone ni milango ya nani itakayobaki chini ya usawa wa barabara. Mimi ningechagua jambo la tatu, lakini msilichague kabla ya kupima hapo.

---

Fundi wa Mbeya:

Namuunga mkono Mzee kuhusu makalavati. Hapa Mbeya vijito vingi vinateremka kutoka milima ya juu ya mji kwa mteremko mkali, na mvua ikinyesha Loleza, mawe huja yakigongana kiasi kwamba aliyelala nyumba ya pili anayasikia. Katika mtaa mmoja niliofanya kibarua tuliweka maboksi manne kwenye kijito ambacho kiangazi unakiruka kwa miguu. Masika ya kwanza tu, maboksi mawili yalizibwa na shina la mkaratusi, na maji yakapita juu ya maboksi yetu. Kazi ya kulitoa ilifanywa na vijana kwa mashoka na kamba, nao walilipwa kwa mchango wa wananchi, kwa kuwa mkandarasi alikuwa amekwisha kukabidhi kazi.

Ila nina swali. Mbona hakuna aliyetaja daraja la mawe? TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wamejenga madaraja ya upinde wa mawe kule Kigoma kwa gharama ndogo kuliko zege, hayana nondo ya kuoza wala bomba la kuibiwa, na Iringa mawe mmejaliwa.

---

Mama wa Mbogamboga:

Shikamooni. Mimi ni mmoja wa wanaolivuka daraja hilo mara nne kwa siku, au jingine linalofanana nalo sana kwa jinsi Mjumbe alivyolieleza.

Naona mnazungumzia magari. Hesabuni watu saa kumi na mbili na nusu asubuhi: wanafunzi, akina mama wenye beseni kichwani, wagonjwa wanaowahi foleni ya zahanati, na bodaboda tatu zinazopenya katikati yao. Gari likiingia, sisi tunajibana ukingoni, na ukingo wenyewe hauna bomba. Mwaka juzi beseni langu la mchicha lilikwenda na maji, na nilimshukuru Mungu kwamba halikwenda na mtu.

Mkivunja la zamani kabla jipya halijakamilika, sisi tutazunguka hadi barabara kuu kule Ipogolo. Mwenye gari atalalamikia mafuta, lakini mwenye fungu la mchicha atalipa bajaji kwenda na kurudi, na faida ya siku itakuwa imeishia kwa dereva. Kwa hiyo ombi langu ni kwamba la zamani lisiguswe, na jipya likikamilika, hilo kuukuu mtuachie sisi wa miguu.

Pia mtueleze kuhusu vibanda. Changu kimekaa pale kwa ruhusa ya mdomo tu.

---

Mhandisi Mstaafu:

Marahaba Mama. Nitakujibu wewe na Fundi kwa pamoja.

Daraja la mawe nalipenda, na hata makazini nililitetea. Upinde, hata hivyo, unahitaji kimo: kadiri uwazi unavyokuwa mpana ndivyo upinde unavyopaswa kupanda, na kwenye kingo zake nafasi ya maji hupungua pale pale ambapo mto uliojaa unaihitaji. Mkigawa mto huo kwa matao matatu, mtakuwa mmerudisha nguzo mbili majini, tena nene kuliko za sasa. Liwekeni kwenye akili kwa ajili ya vijito vya juu ya mtaa. Na msidanganywe na jiwe la Gangilonga mkadhani mji mzima umekaa juu ya mwamba. Bondeni mtoni unaweza kukuta mchanga na tope kwa mita kadhaa, na ni uchorongaji wa udongo pekee, yaani kutoboa ardhi kuona kilichomo chini, utakaosema. Msikubali bei ya daraja lolote iliyotajwa kabla ya uchorongaji huo.

Mama, kuhusu kuliacha la zamani wakati wa ujenzi, una haki kabisa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujenga pembeni. Lakini jipya likikamilika, la zamani lazima liondoke. Najua sitapendwa kwa hili. Nguzo zake zitaendelea kukamata magogo mita chache tu kutoka kwenye daraja jipya. Likiwa upande wa juu wa mto na likaanguka, litalisukuma jipya; likiwa upande wa chini, litapandisha maji hadi kwenye mihimili yake. Mfano wa Selander haufai hapa, kwa kuwa daraja lile halikuachwa likiwa na msingi unaoingia mkono. Mnachotakiwa kudai ni njia ya miguu kwenye daraja jipya, iliyoinuliwa juu ya barabara, na gharama ya kulivunja la zamani iandikwe ndani ya mkataba ule ule. Isipoandikwa, mkandarasi ataondoka na gofu litabaki.

Kuhusu vibanda, watathmini wa fidia watauliza kama wewe uliifuata barabara au barabara imekufuata wewe, yaani nani alitangulia kuwapo pale. Ruhusa ya mdomo haitakusaidia mbele yao. Afadhali mtaa uombe mapema eneo la kuwahamishia wafanyabiashara, liwe sehemu ya mradi.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, zabuni hutangazwa, hujadiliwa, na mkataba husainiwa Oktoba au Novemba kwa furaha na picha. Mkandarasi anafika mtoni pamoja na mvua za Iringa, anakaa akilinda mitambo hadi Mei, kisha anaomba kuongezewa muda. Kazi za misingi zinatakiwa kufanyika kati ya Juni na Oktoba. Kwa hiyo usanifu na uchorongaji vikamilike katika bajeti hii, ili ujenzi uwe tayari kusainiwa mwanzoni mwa bajeti inayofuata.

---

Mjumbe wa Mtaa (Iringa):

Shikamoo Mzee, na asante sana. Leo asubuhi nilikwenda na futi kamba kama ulivyosema. Upande wa makazi mita 30 zinaishia kwenye uwanja wa shule, hakuna shida. Upande wa soko zinafika kwenye mlango wa nne wa maduka, na mashine ya kusaga imo ndani yake, kwa hiyo hapo pana mjadala.

Nilimkuta pia babu mmoja anayeishi karibu na mto, akanionyesha kwenye shina la mkuyu mahali maji yalipofika mvua za El Niño za 1997/98. Ni juu ya sakafu ya daraja kwa karibu kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Je, alama kama hiyo ina maana yoyote kwa wasanifu, au wao hutegemea vipimo vyao tu?

---

Mhandisi Mstaafu:

Ina maana kubwa. Pigeni picha mkiwa na fimbo ya kipimo, na mwandike jina la babu na tarehe. Kisha mwombe Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ambayo ofisi zake ziko hapo hapo Iringa, takwimu za mtiririko wa mto, ili msanifu alinganishe. Kawaida wasanifu huhesabu mafuriko ambayo uwezekano wake ni mara moja katika miaka 50 au 100, yaani asilimia 2 au 1 kila mwaka. Haina maana kwamba yakija mwaka huu mtapumzika hadi wajukuu wenu wazeeke. Kama hesabu yao itatoa maji yaliyo chini ya alama ya mkuyu, waulizeni kwa nini.

Na hadi hapo, zuieni malori kuanzia wiki hii. Mawe mawili makubwa kila mwisho wa daraja, yaliyoachana kwa upana wa bajaji, yatafanya kazi ambayo kibao kimeshindwa. Andikeni barua TARURA kwanza, msiyaweke kienyeji.

---

Mama wa Mbogamboga:

Basi nimekubali livunjwe, Mzee, kwa masharti. Njia ya miguu iwe pande zote mbili, itoshe wawili wenye beseni kupishana, na ukingo uwe wa zege. Mkiweka mabomba tena, mtayakuta kwenye mizani ya vyuma chakavu kabla ya masika.