Maji kugeuka kahawia si sumu, ni kutu! Acheni kuwadanganya wazazi wetu

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Leo nasema yote kuhusu hizi mashine za beseni, zile za kuloweka miguu ambazo wauzaji wanadai zinatoa sumu mwilini.

Mama yangu ana presha mwaka wa tisa sasa. Vidonge vyake anakunywa kila siku na alikuwa ametulia vizuri. Mwezi uliopita nimempima nikakuta 190 kwa 110. Nikabadilisha mkono, nikapima tena, hali ile ile. Namuuliza, mama, dawa unakunywa? Kimya. Baadaye ndiyo akasema: "Mwanangu, yule mtaalamu aliniambia nizipumzishe kwanza, maana sumu za vidonge ndizo hizo zinatolewa miguuni." Wiki tatu! Mtu mzima wa miaka 67, wiki tatu hajagusa dawa kwa sababu ya beseni la maji.

Kipindi kilichofuata nikamsindikiza. Ukutani kuna bango la rangi: maji yakiwa kahawia ni sumu ya ini, ya chungwa ni viungo, povu jeupe ni limfu (majimaji ya kwenye tezi), vidoadoa vyeusi ni metali nzito. Dada mwenye koti jeupe akamwaga chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, akatumbukiza kidude chenye vyuma, mama akaweka miguu, swichi ikawashwa. Haikupita dakika kumi maji yakachafuka. "Ona mama, ini linavyopumua!" Na mama yangu anashukuru Mungu, machozi yanamlengalenga.

Nikamwomba yule dada awashe mashine beseni likiwa na maji ya chumvi tu, bila miguu ya mtu. Akakataa. Eti ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinahitaji nishati ya mwili ili zifanye kazi.

Haya. Nyumbani nikachukua betri ya volti 9, nyaya mbili, misumari miwili ya chuma, maji na kijiko cha chumvi. (Betri jamani, mtu asije akajaribu na umeme wa ukutani.) Msumari mmoja ukaanza kutoa mapovu. Wa pili ukatoa utando wa kijani, ukageuka chungwa, kisha maji yote yakawa kahawia, na juu likakaa povu chafu. Karibu rangi zote za bango lao zimo, na humo ndani hakuna mguu, hakuna ini. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, chuma cha upande wa chanya kinayeyuka, kinakutana na oksijeni, kinakuwa kutu. Nilipoutoa msumari ulikuwa umeliwa. Mwaka 2012 watafiti waliijaribu mashine ya aina hii kwa vipimo vya maabara, hawakuona dalili yoyote kwamba inatoa sumu mwilini kupitia miguu.

Na wale wa plasta za kubandika nyayoni usiku ni wale wale. Zinabadilika rangi zikipata unyevu tu, jasho linatosha. Marekani, tume ya kulinda walaji iliwafungulia kesi wauzaji wa moja ya plasta hizo mwaka 2009.

Sasa kilichonikera kuliko vyote. Nilirudi pale na chupa yangu ya maji ya misumari, nikaiweka mezani kwa mwenye biashara. Hakukana! Akatabasamu, akaniambia: "Hata kama ni plasebo, sayansi yenyewe inakubali plasebo inafanya kazi. Mama si anajisikia mwepesi?"

Yaani jana ilikuwa ioni na limfu na metali nzito, leo umebanwa unakimbilia plasebo.

Sibishi kwamba plasebo ipo. Mtu akipewa kitu kisicho na dawa na akatarajia nafuu, maumivu yanaweza kupungua kweli, hayo sikatai. Mwaka 1978 kuna waliong'olewa meno wakapata nafuu kwa plasebo, walipopewa naloksoni, dawa inayozuia vitulizo vya mwili wenyewe, maumivu yakarudi. Na mama nusu saa nzima amekaa, miguu iko kwenye maji ya uvuguvugu, kuna mtu anamsikiliza shida zake. Lazima ajisikie mwepesi. Ila angalia utafiti wa pumu wa mwaka 2011, wagonjwa 39. Waliopewa inhela yenye dawa, inhela tupu na sindano bandia za akupancha (tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba) wote walisema wamepata nafuu karibu sawa. Walipopuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, wa dawa pumzi yao ilikuwa imepanda kwa asilimia 20, wengine wote kama 7, sawasawa na waliokaa bila tiba yoyote. Kifua kimebana na mwenyewe anasema yuko vizuri!

Na pumu angalau unaisikia. Presha huisikii. Mama alikuwa mwepesi, anacheka, anasimulia, na mishipa yake iko kwenye 190.

Sumu za kweli zipo na zina majina. Mtu mwenye sumu ya madini ya risasi (lead) anapimwa damu, anapewa dawa inayoikamata metali ile, inatoka kwa mkojo, anapimwa tena. Amonia ini linaigeuza kuwa urea. Figo zinachuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na zikishindwa kabisa mtu anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, si kwenye beseni.

Mama amerudia vidonge, daktari ameona tumewahi. Bado ananiuliza kama anaweza kwenda "kuloweka miguu tu", na mimi maji nitamchemshia mwenyewe.

Ninyi mnaouza, najua mnasoma hapa. Tajeni sumu moja kwa jina. Mpimeni mteja damu kabla na baada, kisha lete hapa karatasi ya maabara. Na yule aliyemwambia mama yangu aache dawa, nakusubiri hapa hapa ujibu.