Umeme ukikatika, sumaku ya MRI inazimika? Nimepewa lindo pale

Lindo_la_Usiku
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mlinzi, hospitali moja hapa Dar. Juzi nimetolewa getini nikapangiwa mlango wa MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Maelekezo niliyopewa: "Kitu kisiibwe." Funguo ninashika mimi.

Jana saa 8 usiku umeme ukakatika, jenereta likawasha taa za korido tu. Dada wa usafi akaja na ndoo ya bati na dekio la chuma, akasema mashine imezima, nimfungulie adeki kabla wagonjwa wa asubuhi hawajaanza. Nikakataa, maana nimeona wataalamu wakivua hata saa kabla ya kuingia. Asubuhi supavaiza amenigombeza kwamba nakwamisha kazi za watu. Nauliza nijue: umeme ukikatika, ile sumaku nayo inazimika? Na mimi kiunoni nina pingu na redio. Nikisikia mtu anapiga kelele ndani, niingie?

Mama_Mionzi
Mdogo wangu, ulifanya vema kabisa, na ningekuwa karibu ningekwenda kuongea na huyo supavaiza mimi mwenyewe. Niko kwenye MRI mwaka wa tisa.

Haizimiki. Koili za sumaku, yaani nyaya zilizoviringwa, zimezama kwenye heliamu ya kimiminika, baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo umeme uliokwisha kuwekwa ndani unazunguka wenyewe bila kupungua, hausubiri TANESCO wala jenereta. Umeme ukikatika kinachonyamaza ni kompyuta, feni na ile pampu ya kupoza inayogonga usiku kucha. Ukimya ule ndio unaowadanganya watu. Mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia, na haivuti kwa kukuonya. Hapa unahisi funguo zinacheza mfukoni, ukisogea hatua mbili zimeshakutoka.

Mwaka wangu wa pili, kijana wa machela alituletea mgonjwa mahututi. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umelazwa katikati ya miguu ya mgonjwa, shuka juu yake. Mimi nilikuwa nimeinamia fomu. Nilipoinua macho, magurudumu ya mbele yameshafika kizingitini. Nilipiga ukelele mpaka koo likauma, tukairudisha machela nyuma. Tangu siku hiyo nafunua shuka kwa mkono wangu, awe ameletwa na daktari bingwa au nani.

Mwaka 2001, jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 aliuawa na mtungi kama huo akiwa ndani ya mashine. Mumbai, 2018, mtu aliyemsindikiza ndugu yake aliingia na mtungi, na familia yake ilisema aliambiwa mashine imezimwa. Ni maneno yale yale uliyoambiwa wewe jana.

Fundi_Vifaa_Tiba
Naongezea kuhusu kelele. Usiingie na pingu hata mtu akilia. Julai 2025, huko huko New York, mwanamume aliingia kumsaidia mkewe kuinuka baada ya kipimo, shingoni ana mnyororo mzito wa mazoezi. Sumaku ilimvuta, akafa.

Kuna kitufe chekundu chenye kifuniko. Kinaua sumaku kwa kuichemsha heliamu itoke kupitia bomba la juu ya paa, na huweza kuchukua zaidi ya dakika moja. Ni kwa ajili ya mtu aliyebanwa. Ndoo ikinasa, mwiteni fundi. Bomba likiwa limeziba, gesi hujaa chumbani na kufukuza hewa, hivyo wote watoke. Moto nao: mtungi wa kuzimia moto wa kawaida ni chuma, usiingie nao.

Kinachoniuma zaidi ni hizo funguo. Si za mlinzi. Zikae kwa mtaalamu wa zamu, na usafi ufanyike yeye akiwepo, kwa ndoo ya plastiki.

Lindo_la_Usiku
Asanteni sana, shikamoo mama. Leo nimerudisha funguo kwa mkuu wa kitengo, amesaini kwenye daftari langu. Namba ya mtaalamu wa zamu nimeibandika mlangoni. Swali la mwisho: buti zetu zina chuma cha mbele, nazo zinavutwa?

Mama_Mionzi
Marahaba. Nazo. Ukiitwa ndani na mtaalamu, ziache nje ya mlango uingie na soksi.