Kongamanoni mimi "ndugu yangu", nikituma imeili kimya. Leo anataka kibali, kanikumbuka!

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa hasira, asiyependa kelele apite pembeni.

Nafanya utafiti wa kilimo cha mwani Bagamoyo, kwa akina mama wa Mlingotini. Mwaka jana, kwenye kongamano moja hapa Dar, niliwasilisha mada kuhusu mwani aina ya cottonii unavyokufa maji yakizidi joto, mpaka akina mama wanabaki na spinosum, aina nyingine ambayo bei yake ni ya kutupa. Nimeshuka tu jukwaani, jamaa mmoja wa chuo cha Ulaya kanifuata kwenye chai. Sambusa mkono huu, simu mkono ule, ananionyesha slaidi zangu alizozipiga picha zote, hadi jedwali la joto la maji. Akalichukua daftari langu akaandika imeili yake mwenyewe. "Niandikie ndugu yangu, tuandike makala pamoja. Na zile makala za kulipia nitakutumia."

Nikaandika wiki ileile. Tena si imeili ya "habari, unanikumbuka?" Nilimtajia kikao tulichokutana, nikaomba kitu kimoja tu, makala ya kulipia aliyoitaja yeye kwa mdomo wake, nikaambatisha muhtasari wa ukurasa mmoja. Ndivyo wanavyotufundisha kwenye semina zao za kujenga mtandao. Kimya. Nikakumbusha kwa adabu zote. Kimya. Huko LinkedIn namwona kila siku anapongeza watu.

Na msidhani ni Wazungu tu. Kuna profesa wetu hapahapa nchini, mbele za watu: "Kijana, nitumie sura ya pili niipitie." Watu makofi. Nikamtumia WhatsApp, tiki za bluu zipo mpaka leo. Tukikutana ananiuliza, "Vipi, mbona hukunitumia ile kazi?" Shikamoo mzee, ipo kwenye hiyo simu uliyoishika! Aliyenitendea haki ni dada mmoja wa Mombasa. Tuliongea kidogo tu kwenye foleni ya chakula, akanitumia mafaili kabla basi lake halijavuka Horohoro. Kwa hiyo habari za "watu wako bize" msiniletee.

Sasa sikilizeni. Juzi yule wa sambusa kaibuka. "Mpendwa Daktari", wakati anajua fika PhD sijamaliza. Anakuja kufanya utafiti. Wa nini? Mwani. Wapi? Bagamoyo. Na kwa kuwa mtafiti mgeni anatakiwa awe na mshirika wa ndani ndipo aombe kibali COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, anaomba nimsainie barua. Na kajibu juu ya imeili yangu ileile ya zamani! Ukishuka chini unaziona za kwangu zimepangana, hakuna hata moja aliyoigusa.

Nikafungua andiko lake. Jedwali langu limo, kabadilisha rangi. Jina langu limo kwenye shukrani, na herufi kakosea. Kazi niliyopangiwa ni "kuwezesha mawasiliano na jamii", yaani wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, nimpeleke kwa mama zangu wale majini, nimtafsirie, nimtafutie bodaboda, halafu akatoe makala ambayo hata mimi sitaweza kuifungua mpaka nilipie. Bajeti ina tiketi zake za ndege na vifaa vyake. Fungu la mshirika wa ndani sijaliona, na nimesoma hadi viambatisho.

Mkuu wangu wa idara ananiambia nisaini tu, eti ni fursa ya kujulikana. Kujulikana na nani? Huyo anayenijua vizuri kabisa ndiye ameniandika shukrani!

Waliowahi kuwabana hawa watu kwa maandishi kabla ya kutoa barua, jina liwe kwenye waandishi na data ibaki pia kwetu, naomba mnitupie hapa au PM mfano wa makubaliano mliyotumia. Jamaa anataka barua yake Ijumaa, na safari hii zamu ya kukaa kimya ni yangu mpaka nipate huo mfano.